Mguu wa Shangazi

Gari letu lina breki mbili. Ya kwanza iko chini ya mguu wangu, kama gari lolote. Ya pili iko upande wa abiria, chini ya mguu wa shangazi, kwa kuwa gari ni la shule ya udereva na shule ni yake. Breki ya pili ikiguswa, kengele inalia. Ni kengele ya mlangoni, ile ya ding-dong. Aliifunga marehemu mumewe, ili mwanafunzi aliyeokolewa asije akabisha kwamba alisimama mwenyewe. Tukipita mitaani watu hugeuka kutazama ni nyumba gani inapigwa hodi.

Shangazi ana sharti moja. Leseni ya serikali kwake ni karatasi nzuri, ihifadhiwe pasipo na unyevu, lakini hakuna atakayefundisha barabarani kwa jina la shule yake mpaka amwendeshe yeye safari moja, mwanzo hadi mwisho, kengele isilie. Mimi nina leseni ya miaka ishirini. Shuleni kwake nimefundisha miaka kumi na mmoja, nadharia tu: alama za barabarani, nani ampishe nani, maji ya betri. Wanafunzi wananiita Mwalimu Polepole. Tukimaliza ubao, wao wanatoka nje kuingia garini na shangazi, nami nabaki kufuta chaki.

Sharti lake nimelijaribu mara hamsini na saba. Naandika kila jaribio kwenye daftari. Mara niliyofika mbali zaidi ilikuwa kilomita nne, kisha akatokea mbuzi.

Mwaka huu daktari alimwambia shangazi kwamba goti lake la kulia limechoka kukanyaga. Alirudi kutoka hospitali, akaweka mkoba mezani, akasema mbele yangu na ya shemeji yangu mchomeleaji, kaka yake mke wangu:

"Mwezi ukiisha, ama nakukabidhi shule ama nashusha kibao cha shule. Siwezi kuacha watoto wa watu mikononi mwa mtu aliyeshindwa na mbuzi."

"Mbuzi alitokea ghafla, Shangazi," nikasema.

"Ulitaka apige simu kwanza?"

Shemeji akageukia dirishani kuficha kicheko.

Kuhusu mashindano ya magari tuliyojiandikisha mwezi huohuo, niseme ukweli kwamba hayakuwa mpango wa kumshawishi. Yalikuwa mambo yetu wawili, mimi na shemeji, ya jioni na Jumapili. Miaka minne iliyopita injini ya gari la shule ilikufa. Tulipata nyingine, ya gari la kampuni ileile lakini la familia kubwa, yenye turbo. Nilijifunza kuifunga kutoka kwenye kitabu kilichopungua kurasa, na palipopungua nilifungua, nikatazama, nikafunga tena. Shemeji alichomelea vishikizo. Tukabadilisha springi na breki, tukalipeleka kwa mkaguzi, akaandika kila kitu kwenye kadi. Kuna swichi chini ya dashibodi: ikiwa chini gari ni la wanafunzi, ikiwa juu ni la Jumapili. Shangazi aliugusa usukani mara moja swichi ikiwa juu, akasema, "Gari limekuwa na haraka siku hizi," na hakuuliza zaidi.

Mashindano yenyewe ni ya magari ya mbio yaliyo na ruhusa ya kutembea barabarani. Lazima gari lije kwa magurudumu yake, si kwa kubebwa. Lazima liwe na namba, bima, honi, wipa zinazofuta. Na lazima kushoto kwa dereva akae abiria mwenye leseni hai, maana waandaaji wanasema gari lisiloweza kumpakia mtu si gari la barabarani, ni chombo. Madereva wanaolipwa na wasiolipwa wanashindana pamoja kwenye ubao mmoja, ingawa fainali ni ya wanaolipwa tu. Majina ya wanaolipwa yamechapishwa. Yetu yanaandikwa kwa chaki.

Abiria wangu alikuwa shemeji. Shangazi alisema atakuja kutazama, akae kivulini, anywe chai yake kwenye chupa. Tukafika uwanjani saa mbili asubuhi sote watatu.

Uwanja ulikuwa ule wa kukagulia malori. Zamani watu walifanyia mtihani wa leseni hapohapo, na michoro ya zamani ilikuwa haijafutika: mishale, kivuko cha miguu, na mahali pamoja mstari mnene mweupe wenye neno SIMAMA, herufi ndefu kama mtu aliyelala. Wakaguzi wa mashindano walikuwa wamepanga koni za rangi ya chungwa juu ya hayo yote. Unaondoka, unapita kati ya koni kwa mwendo wa nyoka, unavuka ule mstari, unakunja kona ndefu ya kushoto, unarudi kwa kasi na kusimama ndani ya kisanduku kilichochorwa chini. Kisanduku kilizidi urefu wa gari kwa mita moja mbele na moja nyuma. Gurudumu likitoka nje ya kisanduku, mzunguko umefutwa. Kila dereva ana mizunguko mitatu, na ule bora ndio unaohesabiwa.

Mkaguzi akainama ndani ya gari letu.

"Hii nini?"

"Breki ya abiria."

"Na hiki?"

"Kengele yake."

Akaibonyeza kwa mkono. Ding-dong. Watu wawili wakageuka.

"Iko kwenye kadi?"

"Iko."

"Basi ibaki ikifanya kazi. Kilichoandikwa kifanye kazi." Akaandika kwenye fomu: *Kengele, inalia.* Kisha akachukua leseni ya shemeji, akaitazama mbele na nyuma. "Hii imeisha tangu mwezi wa tatu."

"Imeishaje?" shemeji akauliza. "Mimi mwenyewe mbona sijaisha?"

"Wewe unaweza kuendelea. Leseni haiwezi."

Nilimtazama shemeji, yeye akatazama viatu vyake. Ni mtu anayekumbuka unene wa kila bomba alilowahi kulichomelea, basi sikuona sababu ya kumlaumu kwa tarehe. Lakini bila abiria hatukuwa na mashindano, na nilianza kukunja zile fomu. Hapo shangazi akafungua mkoba wake, akatoa leseni iliyofungwa kwenye nailoni mbili, ina miaka miwili mbele yake.

"Nitakaa mimi."

"Shangazi, na goti?"

"Goti litakaa pia."

Akaingia, akavuta mkanda, akajaribu kioo cha pembeni ambacho si kazi ya abiria kukijaribu. Kisha akanigeukia kwa sauti yake ya mtihani, ile isiyo na undugu ndani yake.

"Na kwa kuwa nimekaa, leo ni leo. Mizunguko mitatu, nafasi tatu. Ukinipitisha mmoja bila kengele, Jumatatu ufunguo ni wako. Ikilia yote mitatu, Jumatatu nashusha kibao, na tusilaumiane."

"Hapa ni mashindano, Shangazi. Tutakwenda mbio."

"Barabara haijui kama unashindana."

Mbele yetu alikuwa dereva wanayemwita Msumeno, kwa jinsi anavyokata kona. Analipwa na duka la matairi, na gari lake lina rangi moja na ovaroli yake. Alikwenda kwa sekunde arobaini na moja. Alipotoka alifunga mlango taratibu kama mtu aliyeacha mtoto amelala ndani.

Zamu yetu ikafika. Swichi ilikuwa juu. Bendera ikashuka, tukaondoka, na nakiri nilifurahi. Koni zikapita kushoto, kulia, kushoto. Tukafika kwenye mstari wa SIMAMA, nami nikasimama.

Hakuna aliyeniambia. Mguu ulikwenda wenyewe. Nikatazama kulia, kushoto, kulia tena. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaondoka kwa klachi laini.

"Samahani mashabiki," mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "gari la shule nadhani limepata hitilafu... hapana, linaendelea. Linaendelea vizuri tu."

Kwenye kona ndefu kengele ikalia. Kisanduku kilipokaribia nikakanyaga breki, na kengele ikalia tena, lakini tukasimama katikati kabisa, kama yai kwenye kikasha chake. Mtangazaji akasifu: "Kusimama, mwalimu anajua kusimama." Sekunde hamsini na tisa.

"Moja," akasema shangazi.

"Kwenye kona nilikuwa na nafasi ya kutosha."

"Ulikuwa nayo. Mimi sikuwa nayo."

Nilikwenda kunywa maji. Msumeno alikuwa ameketi juu ya tairi akila mkate.

"Mwalimu, pale katikati ulikuwa unamngoja nani?"

"Kuna mstari."

"Ule wa zamani?"

"Najua ni wa zamani."

"Sikucheki, ndugu yangu. Mimi nilipoanza kulipwa nilikuwa nawasha taa ya kukata kona kwenye kila koni. Mwaka mzima. Bosi alidhani nina mzaha." Akatafuna kidogo. "Na ile kengele?"

"Ni ya breki ya shangazi."

"Gari lina breki mbili?"

"Mbili."

"Basi nijisikie vibaya mimi, mwenye moja," akasema, akaniongezea maji.

Mzunguko wa pili niliamua kuvuka mstari. Nilijisemea moyoni tangu kwenye koni ya kwanza: usisimame, usisimame. Sikusimama. Aliyesimama ni shangazi. Kengele ikalia, pua ya gari ikainama, tukateleza kwa ubavu na koni moja ikaingia chini ya gari ikakaa huko. Tukaondoka nayo, ikikwaruza lami. Kwenye kona hakugusa. Kwenye kisanduku kengele ikalia mara moja, na tukasimama tena katikati. Sekunde hamsini na nne, na tano za koni zikaongezwa juu.

"Mbili," akasema shangazi.

"Mstari ule hautumiki!"

"Mstari ni mstari. Kesho mwanafunzi atakuuliza upi unatumika na upi hautumiki, utamwambiaje? Utamjibu kwa chaki?"

Shemeji alikuja kuitoa koni. Alilala chini ya gari akazungumza akiwa hukohuko, labda kwa sababu aliona ni mahali salama. "Shangazi, mwache kijana aendeshe."

"Kijana ana miaka arobaini na mmoja. Na wewe leseni yako iko wapi?"

Shemeji akaendelea kuitoa koni.

Nilikuwa na dakika ishirini kabla ya zamu ya mwisho. Kawaida yangu, jambo likinishinda, huwa naliandika vipande vipande. Nikafungua daftari juu ya boneti. Jaribio la hamsini na nane, la hamsini na tisa. Nikaandika: *mstari*. Halafu nikaona kwamba katika mizunguko yote miwili hakuna mahali nilipomweleza yule mtu aliyekaa kushoto kwangu ninachotaka kufanya. Mara ya kwanza nilisimama bila kukusudia, na mara ya pili nilipita kwa siri.

"Shangazi, shuka kidogo tutembee."

Tulitembea uwanjani kwa miguu, yeye akishika mkono wangu kwa ajili ya goti. Tukasimama juu ya lile neno SIMAMA.

"Tazama kulia," nikasema.

"Ukuta."

"Kushoto."

"Ghala. Lina kufuli." Akatazama zaidi. "Kufuli lina kutu."

"Nani atatokea hapa?"

Shangazi hawezi kujibu swali la barabarani kwa haraka, hata likiwa dogo. Alitazama kulia tena.

"Hakuna."

"Basi sisimami hapa."

"Unaniomba au unaniambia?"

Niliona ni swali la haki, nikalifikiria. Upande wa pili mtangazaji alikuwa akimwita mtu aliyeegesha mbele ya lango.

"Nakuambia," nikasema.

"Haya," akasema shangazi. Tukarudi kwa mwendo wa goti.

Mzunguko wa tatu, kabla bendera haijashuka, aliirudisha miguu yake nyuma mpaka visigino vikagusa chuma cha kiti. Mikono akaifunga juu ya mapaja. Alifumba midomo kama mtu anayesubiri sindano.

Tukaondoka. Koni zikapita. Mstari ulikuja, nikasema kwa sauti, "Kulia ukuta, kushoto ghala," tukauvuka kwa gia ya tatu. Kengele kimya. Kona ndefu, gari likajilaza kidogo, matairi yakalalamika, kengele kimya. Nilisikia vitu ambavyo sijawahi kuvisikia nikiwa naye garini: turbo ikivuta pumzi, wipa ikigongagonga kioo. Kisha kisanduku. Nikakanyaga palepale ninapokanyaga siku zote, kwa nguvu ileile, na gari likasimama vizuri kabisa, likiwa limetoka nje ya kisanduku kwa nusu ya urefu wake.

"Ohoo," akasema mtangazaji.

Mzunguko ukafutwa. Ungekuwa sekunde arobaini na saba, yaani wa nne kati ya wasiolipwa. Kwenye ubao tulibaki na hamsini na tisa, wa ishirini na nane kati ya magari thelathini na moja, kwa chaki.

Nilizima injini. Feni ikaendelea kuzunguka, kisha ikaacha.

"Kengele haikulia," nikasema.

"Haikulia."

"Lakini gari halikusimama."

"Lilisimama. Lilisimama huku."

"Nilikanyaga palepale, Shangazi. Sikuchelewa hata kidogo."

"Nimekuona. Hukuchelewa." Alikuwa akitazama mguu wake wa kulia, ambao bado ulikuwa umerudi nyuma chini ya kiti. "Siku zote unakanyaga hapo, na siku zote mimi nakanyaga hapo hapo juu yako. Tunasimama, nakuambia umefeli."

Nilihitaji kulielewa hilo taratibu. Nikafungua daftari, nikarudi nyuma kurasa kadhaa. Nilikuwa nimeandika mahali kengele ilipolia, kila mara: *makutano, kusimama. Sokoni, kusimama. Getini kwetu, kusimama.* Ukimtoa mbuzi na kona mbili tatu, ilikuwa ni kusimama. Niliamini kwa miaka hiyo yote kwamba mwanamke huyu ana woga. Kumbe nilikuwa nakanyaga nusu, na nusu nyingine naazima kwake bila kujua.

"Nimekuharibu mguu," akasema shangazi. Hakuwa analia wala hakuwa karibu na kulia. Alisema kama anayesoma kipimo cha mafuta. "Nimekufanya mvivu, halafu nikakufelisha kwa uvivu."

"Lakini sharti limetimia," shemeji akasema. Alikuwa ameinamia dirishani muda wote. "Kengele haijalia. Ufunguo ni wake."

Ningeweza kunyamaza. Jumatatu ilikuwa mbele yangu, wanafunzi saba, na gari.

"Sitaki namna hii," nikasema. "Kulia kwangu atakaa mwanafunzi. Siku nikikanyaga hiyo breki ya pili kumwokoa, itakuwa ni mguu huuhuu."

Shangazi alinitazama. Kisha akafungua mkanda, akafungua mlango, akateremka mguu mmoja mmoja. Alimwendea mkaguzi, wakazungumza. Ilikuwa saa saba, mapumziko, na mkaguzi akaonyesha kwa mkono uwanja mtupu mpaka saa nane. Shangazi akachukua koni moja, akaenda nayo mpaka mbele ya kisanduku, akaisimamisha hatua moja nje ya mstari.

"Rudi mwanzo!" akanipigia kelele. "Uje peke yako! Kwa mwendo ule ule!"

Mara ya kwanza niliilaza koni. Mara ya pili niliilaza pia, ila kwa adabu zaidi. Yeye aliinama kila mara kuisimamisha, na kila akiinama goti lilimchukua muda. Nilimwona shemeji akitaka kwenda kumsaidia, akakatazwa kwa kidole. Msumeno alikuja na mkate wake mwingine akasimama pembeni. Mara ya tatu alinijia dirishani.

"Mwalimu, mguu wako unauliza ruhusa," akasema. "Mwisho wa pedali uko mbali zaidi ya unapodhani. Nenda mpaka huko."

Mara ya nne nilikwenda mpaka huko. Mkanda ulinibana kifuani, daftari likaruka kutoka kiti cha nyuma likagonga dashibodi, na gari likasimama ndani, magurudumu yote manne. Shangazi hakupiga makofi. Alionyesha kwa kidole: tena. Mara ya tano, ndani. Ya sita, ndani. Ya saba alikuwa ameshageuka kuzungumza na mkaguzi, hata hakutazama, na hapo ndipo nilipojua tumemaliza.

Alasiri hatukuwa na la kufanya kwenye mashindano. Wanaolipwa waliendelea na fainali yao, Msumeno akawa wa pili, akakunja uso kidogo tu. Tukapakia vitu vyetu. Nikashusha swichi. Shemeji alifungua mlango wa mbele wa abiria na kuushikilia wazi, kama tunavyomfanyia shangazi siku zote.

"Kaa wewe hapo," shangazi akamwambia. "Wewe ndiye huna leseni, hutagusa kitu."

Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akaingia kwa kutanguliza mkoba. Sijawahi kumwona ameketi nyuma ya gari lile, na nadhani na yeye alikuwa hajawahi, maana alitazama dari, akatazama migongo yetu, akapapasa kiti kushoto na kulia.

"Jumatatu wa kwanza ni yule mshonaji," akasema. "Saa mbili. Anaogopa magari makubwa, usimpeleke barabara kuu. Mimi nitafika saa nne, au nisifike."

"Sawa, Shangazi."

Niliwasha gari. Hatukuondoka, kwa kuwa kanuni ya shule ni kwamba haliondoki mpaka kila mmoja awe amefunga mkanda, na kwenye kioo nilimwona bado anahangaika.

"Hebu nielekezeni," akasema. "Huu wa nyuma unafungwaje?"